Mzabibu wa Uani na Divai ya Altare: Somo la Maumbile, Kazi na Uaminifu

Utangulizi



Wakati wa likizo, sisi mafrateri huulizwa maswali mengi na waamini wa parokia zetu. Mojawapo ni hili: "Frateri, mzabibu wangu wa uani ukizaa, je, divai nitakayotengeneza inaweza kutumika kwenye Misa?" Swali linaonekana dogo, lakini ndani yake yamo mambo matatu makubwa. Kwanza, kuna swali la kilimo: mzabibu hutunzwaje nyumbani? Pili, kuna swali la falsafa: divai ni nini hasa, na kinywaji huacha kuwa divai wakati gani? Tatu, kuna swali la imani: Kanisa linadai nini kuhusu kile kinachowekwa katika kalisi?

Katika somo hili tutayapitia yote matatu kwa utaratibu huo. Tumelichagua kwa sababu siku hizi neno "wine" limekuwa pana mno mitaani kwetu. Kinywaji cha rozela huitwa "wine", cha ndizi huitwa "wine", na hata sharubati iliyotiwa hamira na sukari hubandikwa jina hilohilo. Mnywaji wa kawaida pengine hapotezi kitu kwa kuchanganya majina. Lakini kwenye altare, kosa la jina linaweza kuwa kosa la Sakramenti.

1. Mzabibu katika nchi yetu

Wengi wetu tumezoea kuusikia mzabibu katika Maandiko Matakatifu: Nuhu akipanda shamba baada ya gharika, Isaya akiimba juu ya shamba la mizabibu la rafiki yake, na Bwana wetu akijiita mzabibu wa kweli katika sura ya 15 ya Injili ya Yohane. Kwa hiyo mtu anaweza kudhani kwamba mmea huu ni wa nchi za mbali tu. Sivyo. Mkoani Dodoma mzabibu ni zao la biashara na riziki ya familia nyingi. Uliingizwa na wamisionari waliohitaji divai ya Misa, na baadaye ukawa zao la wananchi. Leo ukipita Hombolo, Makutupora, Mpunguzi au Bihawana, mashamba ya zabibu ni sehemu ya mandhari.

Dodoma inaufaa mzabibu kwa sababu ambazo mazao mengine huziona kuwa shida. Mvua ni kidogo na huja kwa msimu mmoja, jua ni kali, hewa ni kavu, na eneo limeinuka zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hivyo usiku hupoa. Hewa kavu hupunguza magonjwa ya ukungu, na jua huongeza sukari katika tunda. Aina zinazotumika sana kwa divai ni Makutupora Nyekundu, Chenin Blanc ambayo hutoa divai nyeupe, na Syrah. Anayeishi Dar es Salaam au Tanga anaweza pia kuotesha mzabibu ukatoa kivuli kizuri, lakini unyevu wa pwani utamsumbua kwa magonjwa, na asitarajie mavuno kama ya Dodoma.

2. Kuutunza mzabibu nyumbani

Mzabibu hauoteshwi kwa mbegu, kwa maana mche wa mbegu haufanani kwa hakika na mama yake. Tunatumia kipande cha tawi lililokomaa, unene wa penseli, chenye macho matatu au manne. Kipande huchomekwa kwenye kiriba chenye udongo mwepesi uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, macho yakitazama juu. Baada ya miezi miwili au mitatu ya kumwagiliwa kwa kiasi, mche huwa tayari.

Shimo la kupandia liwe na upana na kina cha sentimita 60 hivi, lijazwe udongo wa juu na samadi. Kama ni mistari, acha takriban mita 2 kati ya mche na mche na mita 3 kati ya mstari na mstari. Uani, ambako nafasi ni ndogo, watu wengi hupendelea chanja: nguzo nne imara, waya juu yake, na shina moja linaloongozwa kupanda hadi juu kisha kutawanya mikono yake. Jihadhari na mchwa, kwani hula nguzo na hula pia mche mchanga. Usiache majani makavu yarundikane shinani.

Mwaka wa kwanza usitamani matunda. Kazi ya mwaka huo ni kutengeneza mizizi na shina. Vichala vikijitokeza mapema, heri kuvikata ili nguvu ibaki kwenye mti.

Hapa tunafika kwenye kazi iliyo moyo wa kilimo hiki, yaani kupogoa. Katika nchi za baridi, mzabibu hupukutisha majani na kulala wakati wa majira ya baridi, kisha huamka wenyewe. Kwetu hakuna baridi ya namna hiyo, hivyo mti usiopogolewa huendelea kurefuka, ukawa na majani mengi na matunda machache. Mkasi wa mkulima ndio unaofanya kazi ya majira ya baridi. Vichala hutoka kwenye vichipukizi vipya vinavyochomoza katika matawi yaliyokomaa msimu uliopita. Kwa hiyo tunayafupisha matawi hayo na kuacha macho mawili au matatu kwa kila kijiti. Tangu kupogoa hadi kuvuna hupita miezi minne hadi mitano. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka: msimu mmoja mwanzoni mwa mwaka, karibu na Februari na Machi, na mwingine wakati wa kiangazi, karibu na Agosti na Septemba. Mavuno ya kiangazi kwa kawaida huwa safi zaidi, maana tunda halikunyeshewa wakati wa kuiva.

Magonjwa mawili yanahitaji jicho la kila wiki. Ubwiriunga huonekana kama vumbi jeupe juu ya majani na tunda, na huzuiwa kwa salfa. Ubwirivinyoya huanza kama madoa ya njano juu ya jani, na ukiligeuza jani utaona ukungu mweupe chini yake. Huu huzuiwa kwa dawa zenye shaba. Punguza pia majani yanayoziba vichala ili hewa ipite. Soma maelekezo ya dawa na uache kunyunyiza siku zilizoelekezwa kabla ya kuvuna, kwa sababu kinachobaki kwenye ganda kitaingia kwenye divai. Ndege nao ni walinzi wa kalenda: zabibu zikikaribia kuiva, watakuja kabla yako. Chandarua huokoa mavuno.

3. Kutoka kichala hadi divai

Embe au ndizi huvunwa mbichi na kuivia ndani. Zabibu haziivi baada ya kukatwa. Usipoisubiri juani, hutaipata jikoni. Dalili za kuiva ni tatu: punje hulainika, mbegu hubadilika kutoka kijani kuwa kahawia, na utamu hushinda ukali. Wenye kipimo cha sukari husubiri hadi kisome kati ya 20 na 24. Karibu gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa asilimia moja ya alkoholi, hivyo zabibu zenye gramu 210 za sukari kwa lita hutoa divai ya asilimia 12 hivi bila kuongezwa chochote.

Kilo moja na nusu ya zabibu hutoa takriban lita moja ya divai. Tuchukue mfano wa kilo 30:

Kwanza, safisha vyombo kwa maji ya moto. Tumia kioo, chuma kisichoshika kutu, au plastiki iliyotengenezwa kwa chakula. Usitumie sufuria za alumini wala ndoo iliyowahi kubeba dawa au mafuta.

Pili, ondoa punje zilizooza na vijiti vya kichala, kisha ziponde kwa mikono safi. Usizitwange kwa mchi, maana mbegu zikipasuka hutoa uchungu.

Tatu, kama ni divai nyekundu, acha mchuzi na maganda pamoja kwenye ndoo yenye nafasi juu, ifunikwe kwa kitambaa safi. Rangi imo katika ganda, si katika mchuzi. Kama ni divai nyeupe, kamua kwanza, kisha uchachushe mchuzi peke yake.

Nne, hamira iliyo kwenye ganda la zabibu inaweza kuanza kazi yenyewe, ila hamira maalumu ya divai hutoa matokeo ya uhakika zaidi. Ndani ya siku moja au mbili utasikia mchemko. Maganda yataelea, yazamishe mara mbili au tatu kwa siku, la sivyo yatakauka na kuota ukungu.

Tano, zuia joto. Hamira hufanya kazi vizuri kwenye nyuzijoto 20 hadi 28 hivi. Ikizidi sana inaweza kufa kabla ya kumaliza sukari. Chombo kikikaa ndani ya beseni la maji na kuzungushiwa gunia bichi, joto hushuka.

Sita, baada ya siku tano hadi nane, chuja na ukamue. Mimina kwenye dumu la kioo hadi shingoni, weka kizibo chenye mrija unaoishia ndani ya chupa ya maji, ili gesi itoke na hewa isiingie. Usifunge chombo kabisa wakati kinachacha: gesi ya kaboni dayoksaidi inaweza kukipasua. Usilale pia katika chumba kidogo chenye vyombo vinavyochacha.

Saba, mapovu yakikoma, baada ya wiki tatu au nne, hamisha divai taratibu ukiacha machicha chini. Rudia baada ya mwezi mmoja au miwili, hadi iwe angavu. Kila mara jaza chombo hadi juu. Nafasi ya hewa ndiyo mlango wa bakteria wanaogeuza divai kuwa siki.

Divai hii ni kileo, na mwenye kutaka kuiuza anapaswa kufuata sheria za nchi kuhusu leseni na viwango. Tuongeze neno kwa vijana wenzetu: Yoshua bin Sira, katika sura ya 31, anaisifu divai kwa furaha yake na hapohapo anaonya juu ya ulevi. Vyote viwili ni Neno la Mungu.

4. Divai ni nini? Tafakari ya kifalsafa

Katika kitabu cha pili cha Fizikia, Aristotle anatofautisha maumbile na sanaa. Kitu cha maumbile kina chanzo cha mwendo wake ndani yake. Kitu cha sanaa chanzo chake kiko kwa fundi. Mbegu hukua yenyewe, kitanda hakijitengenezi. Je, divai iko upande gani?

Tukiangalia hatua tulizoeleza, hakuna hata moja ambayo ni ya upande mmoja tu. Mkulima hawezi kutengeneza sukari, ni jani na jua. Hawezi kugeuza sukari kuwa alkoholi, ni hamira, kiumbe hai, kama Louis Pasteur alivyothibitisha katika karne ya 19. Lakini maumbile yakiachwa peke yake hayafiki kwenye divai na kubaki hapo. Mzabibu usiopogolewa huzaa kidogo, punje iliyoachwa huozea mtini au huliwa na ndege, na mchuzi ulioachwa wazi huelekea kuwa siki. Sanaa hapa haishindani na maumbile bali huyafikisha mahali ambapo yenyewe yasingesimama.

Tukitumia sababu nne za Aristotle, tunaona hivi. Sababu ya maada ni mchuzi wa zabibu. Sababu ya umbo ni ule uhalisia unaoifanya kuwa divai na si mchuzi wala siki. Sababu ya utendaji ni hamira, ikisaidiwa na mikono ya mtu. Sababu ya lengo ni furaha ya mezani na, kwa upeo wa juu zaidi, Sadaka ya Altare.

Aristotle anatupa pia fumbo zuri katika kitabu cha nane cha Metafizikia. Anauliza: kwa kuwa siki hutoka kwenye divai, je, tuseme divai ni siki katika uwezekano? Anakataa. Siki hutoka kwenye divai kwa uharibifu, kama maiti inavyotoka kwa mtu aliye hai. Hatusemi kwamba mtu ni maiti inayosubiri kukamilika. Na siki haiwezi kurudi kuwa divai moja kwa moja. Ni lazima kwanza irudi kwenye maada, kama vile maji yarudi ardhini, yapande tena kwenye mzabibu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliitumia hoja ya namna hii katika Summa Theologiae, sehemu ya tatu, swali la 74. Anafundisha kwamba siki si maada halali ya Ekaristi, kwa sababu divai imekwisha kuharibika. Mchuzi wa zabibu mbichi pia haufai, kwa sababu bado uko njiani na haujafika kuwa divai. Divai iliyoanza kuchachuka kuelekea siki bado ni divai, lakini anayeitumia anatenda dhambi. Kumbe maswali ya "kitu ni nini" si mchezo wa darasani. Padre anayeishika kalisi anahitaji jibu lake.

5. Kanisa linadai nini?

Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inadai divai ya asili itokanayo na tunda la mzabibu, isiyoharibika. Hati Redemptionis Sacramentum ya mwaka 2004, namba 50, inaongeza kwamba iwe safi, isiyochanganywa na vitu vingine, na inakataza kabisa divai yenye shaka kuhusu ukweli wake au mahali ilikotoka. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kiroma yanataka itunzwe isigeuke kuwa siki. Na waraka wa mwaka 2017 kutoka Baraza la Kipapa la Ibada na Nidhamu ya Sakramenti unakumbusha kwamba ni wajibu wa Askofu wa Jimbo kusimamia ubora wa mkate na divai, pamoja na wale wanaoviandaa.

Kutokana na hayo tunaweza kumjibu yule mwamini. Ndiyo, divai ya uani kwa asili yake inaweza kuwa maada halali, maana Kanisa haliulizi ukubwa wa kiwanda. Lakini haitoshi iwe halali machoni pa mwenye nyumba. Kanisa linataka hakika. Mwenye kutia sukari na maji ili lita ziongezeke ameondoka kwenye masharti, hata kama kinywaji chake ni kitamu. Kwa hiyo asiipeleke sakristia kimyakimya kama zawadi, bali aanze kwa Paroko, na Paroko afuate maelekezo ya Askofu. Rozela, ndizi, nanasi na asali havimo katika mjadala huu. Padre akifika kigangoni akakuta chupa ya namna hiyo peke yake, hawezi kuadhimisha Misa kwa hiyo, hata kama watu wametembea saa tatu. Ataongoza Ibada ya Neno. Ni uchungu, lakini ni bora kuliko kuwapa watu kinachoonekana kama Misa na kumbe sicho.

Kwa padre asiyeweza kunywa kileo kwa sababu ya afya, Kanisa huruhusu, kwa ruhusa ya mkuu wake, kutumia mustum, yaani mchuzi wa zabibu ambao uchachukaji wake umesimamishwa bila kubadili asili yake.

6. Pingamizi: kwa nini isiwe mbege au ulanzi?

Wapo wanaouliza kwa uzito: kama Bwana alitumia kinywaji cha nchi yake, kwa nini Mwafrika asitumie cha kwake? Mwanateolojia wa Kameruni, Jean-Marc Ela, aliuliza swali hili akiwa kati ya wakulima wa mtama, akiona uchungu wa watu maskini kutegemea ngano na divai kutoka nje hata kwa Sakramenti. Tusilidharau swali hili.

Tukilichambua, tunaona lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya ishara: je, tunaweza kubadili kile Kristo alichotumia? Kanisa linajibu kwamba Sakramenti tumeipokea, hatukuibuni, na kwa hiyo halijioni kuwa na mamlaka ya kubadili maada yake. Sehemu ya pili ni ya utegemezi: je, lazima altare zetu zisubiri meli? Thoma wa Akwino alijibu zamani kwamba pale ambapo ngano na divai havioti, vinaweza kusafirishwa kwa kiasi kinachohitajika. Jibu lake ni sahihi, lakini Dodoma imetoa jibu jingine: mzabibu unaweza kuhamia kwetu ukawa wetu.

Tupige hesabu. Padre akitumia mililita 20 kwa Misa moja kila siku, kwa mwaka ni lita 7.3, yaani chupa kumi hivi. Hizo zinahitaji kilo 11 za zabibu. Mizabibu mitatu iliyotunzwa vizuri inaweza kutoa kiasi hicho. Parokia yenye Misa nyingi itahitaji zaidi, lakini hesabu inaonyesha kwamba jambo hili halituzidi nguvu. Wakati huohuo wapo wakulima wa Dodoma ambao misimu mingine hukosa soko na kuuza zabibu au mchuzi kwa bei ya hasara. Kanisa mahalia likinunua divai safi iliyotoka kwa wakulima wake, linaimarisha altare na kaya kwa pamoja.

Hitimisho

Mtakatifu Augustino, akihubiri juu ya arusi ya Kana, alisema kwamba yule aliyegeuza maji kuwa divai siku ile ndiye anayefanya hivyo kila mwaka katika mizabibu, ila sisi hatushangai kwa sababu tumezoea. Aliyepanda mzabibu uani ana nafasi ya kushangaa tena. Maji aliyomwagilia kwa ndoo anayaona yamekuwa tunda, na tunda limekuwa divai, na anajua kwamba kazi yake ilihitajika lakini haikutosha.

Wakati wa matoleo, Padre anapoinua kalisi na kumshukuru Mungu kwa tunda la mzabibu na kwa kazi ya mwanadamu, tukumbuke kwamba maneno hayo yana watu ndani yake: aliyepogoa, aliyefukuza ndege, aliyezamisha maganda usiku, na aliyekataa kuongeza maji ili apate faida. Uaminifu wa hao wote umetangulia kalisini.

Maswali ya kutafakari

1. Je, katika parokia yako unajua divai ya Misa inatoka wapi na nani anaitunza?
2. Kuna tofauti gani kati ya kitu kilichobadilika na kitu kilichoharibika? Toa mfano nje ya divai.
3. Ni "siki" gani inayotishia wito wako, na ni hewa gani unayoiachia nafasi?
4. Jumuiya yako inaweza kufanya nini ili mazao ya wakulima wake yafike altareni kwa haki?

Bikira Maria, uliyeona kwamba divai imewaishia, utuombee.